Baba, Kuhusu Ekai na Ile Injini ya Mvuke

Kwako Baba,

Nakuandikia nikiwa Lodwar, kwenye nyumba yangu ya Nawoitorong. Kaburi lako haliko mbali na hapa, na ningeweza kuja kukaa kando yake nikaongea mpaka nichoke. Lakini nikija huko maneno hunipotea, nabaki kung'oa majani na kurudi nyumbani. Kwa kalamu huenda nikayafikisha.

Nianze na stesheni ya Webuye. Nilikuwa na miaka tisa. Wewe ulikaa Eldoret katika nyumba za reli, mimi na Mama tulikaa nyumbani shambani, tukikuona wakati wa likizo tu, au siku gari la moshi la mizigo ulilokuwa ukiendesha lilipopita na Mama akaniambia, "Kimbia, baba yako anapita." Siku hiyo gari lilisimama kuchukua maji. Ulishuka ukiwa na ovaroli iliyojaa mafuta, ukaninyanyua ukanipandisha juu kwenye injini, pale anaposimama dereva. Joto lilinipiga usoni hadi nikafumba macho.

Ulinieleza ile injini kwa sauti ya mtu anayemtambulisha ndugu yake. "Ona, Nekesa. Hii si injini moja. Ni mbili zimebeba boila moja. Mbele kuna seti ya magurudumu na tangi la maji, nyuma kuna seti nyingine na tangi la mafuta. Boila limekaa katikati, halina gurudumu hata moja chini yake. Ndiyo maana limeweza kuwa nene hivi, na tanuru lake likawa la kina. Kwenye kona kali kila seti inageuka kivyake, na injini yote inajikunja na mlima." Kisha ukanionyesha kibomba cha kioo kilichosimama wima mbele yako, maji yakichezacheza ndani. "Hiki ndicho cha kutazama kuliko vyote. Kinatuambia boila lina maji kiasi gani."

Kando yako alisimama kijana mrefu, mwembamba, anayesimamia moto. Fayamani, mlivyokuwa mkimwita. Alikuwa na ndoo ya mchanga miguuni. Nilipouliza mchanga ni wa nini, aliniambia kwamba mafuta yakiungua huacha masizi ndani ya mabomba ya boila, kwa hiyo injini ikianza kupanda yeye hufungua kimlango cha tanuru, hutupa mchanga kidogo, na upepo wa moto huuvuta ukayasugua mabomba yote hadi nje. "Tazama moshi tukiondoka," alisema. Alinipa mkono na kusema, "Ejok." Sikujua ni neno gani. Ukacheka ukaniambia hiyo ni salamu ya kwao, Turkana. Mlipoondoka nilisimama kando ya reli na Mama. Injini ilipoanza kuvuta kwa nguvu, moshi mweusi tii uliruka juu, nami nikamwambia Mama kwa majivuno, "Ule ni mchanga." Hakunielewa, lakini alipunga mkono mpaka behewa la mwisho.

Mwaka uliofuata ulikuja nyumbani mkono wa kulia ukiwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Mama alipokuuliza ulisema, "Mvuke ulinigusa kidogo." Hukusema zaidi. Wakati ule wenzako walikuwa wakipelekwa kujifunza dizeli, na injini za mvuke zikisukumwa moja moja kwenye reli za pembeni zikabaki huko na kutu. Wewe hukwenda. Ulituambia umeacha reli na umepata kazi ya mashine za maji Lodwar, na kwamba safari hii tutakwenda sote.

Sijui kama ulijua Mama alivyofurahi. Alikuwa ameolewa miaka kumi na miwili na hajawahi kukaa nawe miezi miwili mfululizo. Aliwagawia majirani kuku wake, akafunga masufuria kwa leso, akaimba njia nzima. Reli iliishia Kitale. Kuanzia hapo tulipanda lori, tukashuka milima mpaka kwenye lile joto, na yeye aliendelea kuimba. Alinyamaza tulipofika Lodwar, kwa sababu aliona umenyamaza wewe.

Hukuwa mkali, Baba. Ulileta maji, ulimsaidia Mama kutengeneza kitalu cha mboga kando ya mto Turkwel, ulinisahihishia hesabu. Lakini ulikuwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Na kila mwezi ulikwenda Kakuma. Ukirudi, siku mbili hukula vizuri. Mama alikuwa akikuuliza:

"Kakuma kuna nini, Baba Nekesa?"

"Pampu."

"Pampu gani hiyo inayoharibika kila mwezi?"

Ulikuwa unainuka na kwenda nje kupangusa spana ambazo zilikuwa safi tayari.

Likizo ile nilipokuwa na miaka kumi na miwili, Mama alisema, "Leo utakwenda na mtoto." Hukubisha. Ulifikiri anataka nitembee nione nchi. Mimi nilijua. Aliponifunga kitambaa kichwani alininong'oneza, "Fungua macho. Ukirudi utaniambia ulichoona."

Tulifika Kakuma mchana. Kilikuwa kituo kidogo siku hizo: maduka machache ya mabati, kanisa, kituo cha polisi, na laga, mkondo mpana wa mto usio na maji. Pampu haikuwa na kasoro yoyote. Uliitia mafuta, ukakaza nati mbili ambazo hazikuwa zimelegea, ukafunga sanduku. Halafu ukaketi kwenye ngazi ya lori, ukitazama ng'ambo ya laga palipokuwa na vibanda vya makuti. Ulikaa muda mrefu. Dereva wa lori alikuwa amejilaza kivulini akikoroma, ameshazoea.

"Baba, hatuondoki?"

"Kuna mama mmoja kule natakiwa kumwona," ulisema. "Kila mwezi naja hapa, na bado sijavuka hii laga."

"Unaogopa nini?"

Ulinitazama kana kwamba ndiyo kwanza unatambua kwamba nimekuja. "Utavuka nami?" uliuliza. Nikakushika mkono ule wenye makovu. Vidole vyake vilikuwa vimekazana tangu ulipoungua, havikunjuki vyote.

Kwenye boma lile tulimkuta msichana wa miaka kama ishirini, shanga shingoni hadi kidevuni. Jina lake Akiru. Alikuwa amesoma kidogo. "Ejok," alisema. "Nyinyi ni watu ya pampu? Imeharibika tena?"

"Pampu ni nzima," ulijibu. "Mimi ni dereva wa Ekai."

Niliona uso wake ukibadilika. Nyuma yake, mlangoni pa kibanda, alikaa mwanamke mzee akisuka kikapu cha makuti ya mkoma. Alisikia jina hilo, akaacha kusuka. Akiru alizungumza naye kwa Kiturkana, mama akajibu maneno mawili matatu.

"Mama nasema kaa chini."

Alikupa kigoda. Hukukikalia. Uliketi mchangani kama mtoto, nami nikakaa nyuma yako, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Ekai ni yule kijana wa Webuye mwenye ndoo ya mchanga, kwamba amekufa, na kwamba hawa ni mama yake na dada yake.

Ulitaka kuanza na pole. Mama yake alikukatiza.

"Mama nasema yeye hajaona hii gari ya moshi," alisema Akiru. "Nasema onyesha kwanza. Anataka kujua kitu iliua mtoto yake."

Ukachukua spana na kuichora injini mchangani. Uliichora taratibu, bila kuruka kitu: seti ya mbele, seti ya nyuma, boila katikati, tanuru, mabomba. Mama yake Ekai alishuka mlangoni akasogea karibu ili aone. Ulisema, "Hapa ndani kuna moto. Juu ya moto kuna paa la chuma, na juu ya paa hilo ndipo maji yanakaa. Maji yakiwepo, chuma hakiungui. Maji yakishuka, paa linabaki kavu, linalainika. Kwa hiyo walioiunda waliweka kizibo cha risasi, ile metali laini inayoyeyuka upesi, kwenye hilo paa. Maji yakipungua sana, risasi inayeyuka, mvuke unashuka kwenye moto, watu wanajua kuna hatari kabla boila zima halijapasuka."

Akiru alitafsiri. Mama yule akaweka kidole chake juu ya tanuru pale mchangani.

"Mama nauliza, kwa nini maji ilishuka?"

Uliweka spana chini.

"Kuna vioo viwili vya kuonyesha maji. Siku hiyo kimoja kilipasuka Eldoret asubuhi, tukakifunga. Tukabaki na kimoja. Tulipoanza kupanda kwenda Timboroa, Ekai alikijaribu. Akaniambia, 'Mzee, hiki kioo kinalala. Njia yake imeziba chumvi, maji tunayoona si ya kweli. Tusimame stesheni ya mbele.' Nikamwambia tumechelewa. Nikamwambia nimeanza kuendesha injini yeye akichunga mbuzi, na maji yangu nayajua. Akanyamaza. Alikuwa na adabu. Akachota mchanga wake, akafungua kimlango. Risasi ikayeyuka hapo hapo. Moto na mvuke vyote vilitokea kwenye kile kimlango, na yeye ndiye aliyekuwa mbele yake."

Ulionyesha mkono wako. "Huu uliungua nikimvuta. Nilichelewa."

Nilidhani umemaliza. Mama yule alikuwa ameinamisha kichwa, na Akiru alikuwa akijifuta macho kwa kiganja. Lakini ulivuta pumzi tena.

"Wakubwa wa kazi waliniita. Waliniuliza kama fayamani alinionya kuhusu kioo. Nikasema hapana. Nikasema kuangalia kioo ilikuwa kazi yake na hakuangalia."

Akiru alikutazama. "Hiyo siwezi ambia mama," alisema.

"Mwambie, dada yangu. Ndiyo niliyoileta."

"Siwezi."

"Tafadhali."

Akamwambia. Mama yake Ekai aliinuka, akaingia kibandani, nikafikiri hatatoka. Alitoka na mfuko mdogo wa ngozi, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ilikuwa barua iliyomletea habari ya kifo, kwa Kiingereza. Mtu wa kanisa alikuwa amemsomea. Ilisema Ekai alifariki kwa uzembe wake mwenyewe kazini.

"Tangu hii barua ikuje, watu nasema Ekai alilala kazini," alisema Akiru. "Kisimani nasema. Kwa wajomba nasema. Kaka yangu alipata mtoto kijana, wazee walikataa apewe jina ya Ekai. Walisema hiyo ni jina ya mtu mvivu. Mama amekaa na hiyo."

Mama yake alizungumza kwa ufupi, akinyoosha kidole kwenye daftari langu la hesabu nililokuwa nimelikumbatia wakati wote.

"Nasema andika ingine."

Ulijaribu kushika kalamu, vidole vikakataa. Ukanipa. Wewe ulitamka, mimi niliandika, kwa mwandiko wangu wa shule, nikiwa nimepiga magoti mchangani. Niliandika kwamba Ekai alikuwa fayamani hodari. Niliandika kwamba aliona hatari, akasema, na hakusikilizwa. Niliandika, "Mimi dereva nilidanganya." Nilipofika hapo nilikutazama ili uniambie nifute. Ulisema, "Endelea." Kisha ulitia sahihi yako, herufi zikipanda na kushuka.

Mama yule aliikunja akaitia kwenye mfuko uleule, pamoja na ile ya kwanza. Nilimwuliza Akiru kwa nini asiichome ile ya uongo. Alimwuliza mama yake, kisha akanijibu, "Nasema watu walisikia hiyo kwanza. Sasa wasikie zote mbili."

Mama yake Ekai hakukwambia amekusamehe. Alikwambia urudi Jumapili, na ukarudi, ukasimama nje ya kanisa barua zikisomwa. Akakwambia urudi mwezi unaofuata, kwa sababu mjomba mmoja alikuwa Kaaleng hakusikia. Na mwezi mwingine, kwa sababu binamu alikuwa Todonyang kwenye uvuvi. Kila aliyekuja, ulimchorea injini mchangani upya na kumweleza hadi kwenye kimlango, na hadi kwenye uongo wako. Wengine walikutukana. Kijana mmoja alikurushia fimbo ikakupata begani. Nakala ya ile barua uliituma kwa wakubwa wa reli, na jibu halikuja. Lakini mtoto wa kaka yake Akiru alipewa jina, na siku hiyo mama yake Ekai alikupa maziwa kwenye kibuyu. Uliyanywa yote ukiwa umesimama. Kwenye lori ulijifunika uso kwa kofia mpaka Lodwar, na nikajifanya nimelala.

Jambo ninalokuandikia ni lile la siku ya kwanza, tulipokuwa tukirudi. Ulisema, "Nekesa, haya tuliyoyafanya leo, mama yako asiyajue."

"Kwa nini?"

"Mama yako bado ananiona mtu. Acha aendelee kuniona mtu."

Nikaapa. Mama alikuwa mlangoni tulipofika. Alinivuta jikoni. "Umeona nini?"

"Pampu," nilisema.

Alinitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Haikupita miezi mitatu akafunga mizigo kurudi Webuye. Alisema joto limemshinda. Alipopanda lori, nilimwambia nitabaki kwa sababu ya shule, naye akasema, "Baki na baba yako. Nyinyi wawili mnaelewana." Hakuimba. Wewe ulisimama pale mikono imening'inia, na neno moja tu lingetosha kumshusha kwenye lile lori, Baba. Neno moja.

Mengine unayajua. Hukurudi reli wala hukuhamia nyumbani. Mimi nikawa mwalimu papa hapa. Ulipougua ulisema uzikwe Lodwar, na baba zangu wadogo walikuja juu, wakasema umerogwa. Ulizikwa Lodwar. Mama alikuja, akakaa kwenye kiti alichowekewa, mkavu. Mama yake Ekai alikuja kutoka Kakuma, amezeeka sana, ameshikwa mkono na Akiru, na nyuma yao kijana mrefu aliyepewa jina la Ekai. Yule mama mzee alikwenda moja kwa moja akaketi chini, kando ya udongo wa kaburi, akalia.

"Hawa ni nani?" Mama aliniuliza.

"Watu wa Kakuma," nilijibu. "Wa kazi ya Baba."

Akamtazama Akiru, akamtazama yule kijana, akageuza uso.

Mwezi uliopita nilikwenda Webuye kumwona. Miguu yake haifanyi kazi tena. Tulikuwa tumeketi uani tunapukuchua maharagwe, na kwa mbali treni ya dizeli ikapita. Bila kuinua kichwa aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya unga:

"Yule mtoto wa baba yako wa Kakuma, alioa?"

"Mtoto gani, Mama?"

"Yule aliyezaa na yule msichana mwenye shanga. Nilimwona kwenye mazishi. Usinifiche, Nekesa, nimezeeka. Hata yule mama mkwe wake nilimwona akimlilia baba yako."

Maharagwe yalinimwagika mapajani. Miaka yote hiyo. Alikuwa ameondoka Lodwar kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwepo, amelala peke yake kwa ajili yake, amezeeka naye moyoni. Na mimi ndiye niliyemwambia "pampu".

Nilivunja kiapo, Baba. Nilimwambia kila kitu, kuanzia kioo kilichoziba mpaka maziwa. Nilichora injini kwenye vumbi la ua kwa ganda la harage, kwa sababu sikujua kueleza njia nyingine. Na nilipokuwa nachora nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kukukasirikia ukiwa hai. Uliweza kusimama mbele ya wageni wakutukane, mwezi baada ya mwezi, ukashindwa kusimama jikoni mbele ya mkeo mara moja. Ulimrudishia Ekai jina lake, na mimi najivunia hilo, nawaambia wanafunzi wangu kwamba baba yangu alikuwa mtu aliyejua kurudi kwenye kosa. Lakini uliogopa kudharauliwa na mtu pekee ambaye asingekudharau, na mimi nilikusaidia kuogopa.

Mama hakulia. Aliuliza Ekai alikuwa na umri gani. Nikamwambia. Aliuliza kama aliteseka muda mrefu. Nikamwambia sijui, hukuwahi kusema. Aliendelea kupukuchua hadi kivuli cha nyumba kikafika miguuni pake.

"Alidhani nitamwona vipi?" alisema mwishowe. "Mimi niliyekuwa nafua zile ovaroli?"

Niliokota maharagwe yaliyokuwa yamenimwagika.

Asubuhi nilipokuwa naondoka aliniita kitandani. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Wewe ndiye unayejua kuandika," alisema. "Mwandikie. Mwambie alikuwa mjinga. Halafu mwambie nimesikia."

Ndiyo nimekuandikia, Baba. Pumzika sasa.

Mimi bintiyo,
Nekesa